Makochi Yalipotolewa Nje

Dada yangu Magreti alitaka kuuza nyumba yake ya Kilosa akaishi Mikumi kwa bintiye. Magoti yalikuwa yamechoka na masika yalikuwa yanakaribia. Wateja walikuja, wakachungulia, wakaaga kwa adabu. Aliyebaki ni Bi Mwanvua wa Kimamba, naye alikuwa aje Jumamosi.

Mtoto wa Magreti, Ditram, akaja toka Morogoro na utaalamu alioupata kwenye simu.

"Mteja anatakiwa ajione yeye humu ndani, siyo awaone nyinyi," akasema.

Akapaka kuta rangi ya uji. Akashusha picha za harusi, kalenda ya kanisa, vitambaa vya kufuma. Jumamosi asubuhi makochi mekundu akayatoa uani. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimefikia hapo kwa dada.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sitoki."

"Mjomba, hilo koti na sebule haviendani."

Nimefukuzwa Tabora, nimefukuzwa Tunduru, ila kote huko nilikuwa nimekosa kitu. Nikaenda zangu stesheni kunywa kahawa. Magreti na Ditram nao wakatoka kwenda kuazima pazia jeupe.

Sasa, kwetu makochi hayatoki nje hivi hivi. Ukiona makochi uani na sebule tupu, unajua mikeka inakuja, kuna msiba. Majirani waliwaona Magreti na Ditram wakitoka haraka haraka, wakatazama nani mwingine haonekani, wakapata jibu.

Niliporudi nilikuta turubai limefungwa na sufuria la wali jikoni. Hezekia wa nyumba ya pili alikuwa anapasua kuni.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Kaka yake Magreti, yule mzururaji," akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua. Shoka likamdondoka.

Ndani wanawake wamekaa kwenye mikeka. Bi Mwanvua naye yumo, kajitanda khanga; amefika kuona nyumba akakuta kilio, angefanyaje? Yusta jirani alikuwa akiomboleza kuliko wote.

"Maskini Magreti! Bati la chumba cha nyuma linavuja, choo kimetitia, na sasa kaka!"

"Afadhali kisima chake hakikauki," mwingine akamfariji.

"Endelea Yusta," nikasema mlangoni. "Unanilia vizuri."

Mmoja aliruka nje kwa kupitia dirishani. Kelele zilikuwa bado hazijatulia Magreti na Ditram wakaingia na pazia lao.

"Mjomba, umetuharibia!"

"Kwani nimekufa kwa hiari yangu?"

Magreti hakucheka. Alimwona Bi Mwanvua, akajiachia chini kwenye mkeka kama gunia. Mikumi ndiyo hiyo imeshakwenda.

Bi Mwanvua akamsogelea. "Mama, lile bati la nyuma unaziba wewe, au unanipunguzia?"

"Nani kakwambia?"

"Si msiba wote! Huko kwingine nilikopita nimeonyeshwa rangi tu. Hapa nimeambiwa mpaka choo."

Magreti akavuta pumzi. "Nakupunguzia."

Walipatana pale pale mkekani, wali ukapakuliwa. Mimi nilipewa ukoko. Nilipoulizia nyama, Yusta akafunika sufuria.

"Marehemu halagi nyama."