Mlango wa Kushoto

Meli za mfano zinazouzwa kwenye maboksi huwa na milango isiyofunguka. Kibanda cha juu ya sitaha ni gogo moja la mbao lililochongwa kiwandani, na mlango ni kipande chembamba unachokibandika kwa gundi kama stempu kwenye bahasha. Nilikuwa nimeshaunda saba za namna hiyo bila kujiuliza nyuma ya mlango kuna nini. Nyuma ya mlango kuna mbao tu.

Ya nane nilianza kuiunda kwa ajili ya baba mkwe.

Mimi ni fundi fremu. Karakana yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ya kukatia pembe, vioo vimeegemezwa ukutani, picha za harusi za watu zinasubiri kuvikwa. Mabaki ya mbao nyembamba hayatupwi, ndiyo yaliyoniingiza kwenye mambo ya meli. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Ya kwanza niliivisha mbao upande mmoja mpaka mwisho kabla sijagusa upande wa pili, na gundi ilipokauka meli nzima ikapinda. Mke wangu ameiweka juu ya friji, na wageni wakiuliza huwaambia kwamba ile inakata kona.

Baba mkwe alikuwa mpishi kwenye meli ndogo ya mizigo kwa miaka ishirini na sita. Anakaa peke yake mtaa wa pili kutoka kwetu, chumba na sebule, na tangu mama mkwe afariki anajipikia na kujifulia mwenyewe. Mwezi wa pili alisahau sufuria ya maji motoni, ikaungua mpaka moshi ukatokea dirishani na majirani wakaja kugonga. Habari ilimfikia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ni mpima viwanja katika mji mwingine. Baba yake anamwita Bwana Futi tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akipima kila kitu kilichokaa kimya, hata paka aliyelala. Shemeji akapiga simu: mwisho wa mwezi angekuja kumchukua mzee akaishi kwake. Vyumba vya huku vingerudishwa kwa mwenye nyumba.

"Simlaumu," mke wangu aliniambia. "Hata mimi nikisikia king'ora cha zimamoto moyo unanipasuka."

Mimi pia sikumlaumu. Nilikuwa nimeiona ile sufuria.

Mzee hakubishana. Alichofanya ni kuja karakanani asubuhi moja, akakaa kwenye stuli na kuniwekea mezani picha ya meli yake, nyeusi na nyeupe, ya ukubwa wa kiganja.

"Fundi, unaweza kuniundia hii kabla sijaondoka?"

"Hii hawaiuzi, baba. Lakini ninalo boksi la meli ya uvuvi iliyofanana nayo kwa umbo na ukubwa. Nikipunguza mlingoti, nikarefusha kibanda, watakuwa mapacha."

"Basi fanya. Na jikoni kwangu mlango uwe kushoto."

Nikatazama mchoro uliokuja na boksi. Ulionyesha mlango mmoja tu wa kibanda, nyuma, upande wa tezi. Picha haikutusaidia, maana ilipigwa kutoka upande wa kulia: madirisha mawili, bomba la moshi linatoka kwenye paa, basi. Nikasema tumwulize shemeji, kwa kuwa aliwahi kupanda meli ile akiwa na miaka tisa. Nilidhani natafuta msaada. Nikapiga simu na kuiweka sauti ya wote wasikie.

"Mlango ulikuwa nyuma," shemeji akasema. "Niliingilia huo mwenyewe. Nilivuka kizingiti kirefu, ndani giza, kunanuka vitunguu."

"Kushoto," mzee akasema.

"Baba, nyuma. Nakumbuka kama jana." Kisha akalainisha sauti. "Si kitu, baba. Ni zamani sana. Watu wanasahau."

"Labda," mzee akasema.

Neno hilo moja lilimfanyia kazi mbaya. Siku iliyofuata alimwuliza mke wangu kama kweli ni Jumanne. Alhamisi alikuta chumvi imezidi kwenye mchuzi wake, akamwaga wote na hakupika tena. Akawa anasubiri chakula kutoka kwetu. Mtu aliyelisha mabaharia kumi na mmoja, mawimbi yakiwapiga, alikuwa sasa anatuuliza kama chai imechemka.

"Mwambieni Bwana Futi aje tu," alisema. "Miaka ishirini na sita nimeingia na kutoka mlango ule. Kama huo nimeukosea, mangapi mengine nimekosea?"

Mke wangu alimwambia asijitese kwa ajili ya mlango. Lakini halikuwa jambo la mlango, na sote watatu tulijua. Alikuwa ameacha kuamini kichwa chake, na mtu akifika hapo unaweza kumhamisha kama kabati.

Sikujua nani yuko sahihi, na sikutaka kumpa mzee ushindi wa uongo. Mchoro ulisema nyuma, na mtu mwenye macho mazuri ya utotoni alisema nyuma. Nikabandika mlango nyuma. Kisha nikawaza: kama ni lazima aondoke, angalau aondoke akiwa ameona jiko lake, lisiwe gogo. Nikalitupa gogo la kiwandani na kujenga kibanda chenye uwazi ndani, kuta za mbao za fremu zilizokwanguliwa kwa msasa mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kiberiti, na paa la kufunua.

Kwa kipimo cha meli hiyo, sentimita mbili za mezani ni mita moja ya kweli. Ninapounda kitu ambacho watu wanakaa ndani yake, nina desturi ya kukata mtu wa karatasi ngumu, urefu wa milimita thelathini na nne, ili nione kama kichwa chake kinapita. Nikamkata. Nikatengeneza jiko la chuma kutokana na kipande cha mbao nilichokipaka rangi nyeusi, upana wa kubeba sufuria za watu kumi na mmoja, nikaliweka pale linapopaswa kukaa, chini ya bomba la moshi. Bomba nililipima kwenye picha: halikuwa mwisho kabisa wa kibanda, lilikuwa mbele kidogo, kama hatua mbili kutoka nyuma.

Nikamchukua mtu wangu kwa kibanio na kumwingiza kwa mlango wa nyuma. Akasimama nyuma ya jiko, upande linakotokea bomba, ambako hakuna mpishi anayesimama. Nikajaribu kumpeleka mbele, aliko mpishi anayetazama sufuria zake. Hakupita. Nikamgeuza ubavu. Hakupita. Nilikaa namwangalia kwa muda mrefu, chai yangu ikapoa.

Jumamosi shemeji akafika na sanduku tupu la kumfungashia mzee. Alimkumbatia baba yake, akamwuliza dada yake habari za watoto, na alipoona meli mezani akainama hapo hapo. Mtu mwenye kazi ya vipimo huwezi kumpitisha karibu na kitu kidogo kilichopimwa.

"Umeichonga mwenyewe mbao hii?"

"Nimeikwangua tu. Shemeji, nisaidie jambo moja. Unalikumbuka jiko la chuma la mle ndani?"

"Vizuri sana. Jeusi, mashimo sita. Matatu mbele, matatu nyuma. Niliunguza kidole."

"Sufuria za watu kumi na mmoja zinakuwa na upana gani?"

Akaonyesha kwa mikono. "Sentimita arobaini, na zaidi."

"Tatu kwa mstari mmoja?"

"Mia na ishirini. Na kingo na nafasi, sema mia na arobaini." Alikuwa anahesabu kwa raha, kama mtu aliyeulizwa mambo yake. "Kibanda upana gani ndani?"

"Mia na sitini. Nimefuata mchoro."

Nilimpa kibanio na mtu wa karatasi. Mzee alikuwa kwenye stuli, mikono magotini, haangalii meza. Shemeji akamwingiza mtu kwa mlango wa nyuma. Akamfikisha kwenye jiko. Akamsukuma kulia, akamsukuma kushoto. Akachukua rula yangu ya chuma na kupima nafasi iliyobaki: milimita nne.

"Sentimita ishirini," akasema polepole. "Hapa mtu hapiti."

"Labda mpishi alikuwa mwembamba," mke wangu akasema.

"Na sufuria mkononi?" Shemeji hakucheka. Alipima tena. Akaiomba ile picha, akapima bomba la moshi mwenyewe, kwa sababu hakuniamini, na alifanya vizuri kutoniamini. Jibu likawa lile lile. "Jiko haliwezi kusogea, bomba liko hapa. Mbele kuna nini?"

"Ukuta wa chumba cha nahodha."

"Kulia ni madirisha tu, yanaonekana." Akamgeukia baba yake. "Baba, basi mimi niliingia wapi?"

Mzee aliinua macho. Nilimwona akisita, akiogopa kujibu, kana kwamba anajaribu ubao wa sakafu kwa mguu kabla ya kuukanyaga.

"Stoo," akasema. "Nyuma ya jiko palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta stoo. Vitunguu vilikuwa mle. Nilikukuta mkono umezama kwenye gunia la sukari mpaka kwenye kiwiko. Nikakushika sikio, nikakuzungusha kwa nje, kushoto, nikakuingiza jikoni nikuone vizuri ninavyokugombeza."

Shemeji aligusa sikio lake, sidhani kama alijua anaugusa utoto wake. "Sukari nilisahau kabisa."

"Wezi husahau upesi," mzee akasema, na mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Shemeji alivuta kiti akakaa karibu na baba yake, magoti yakikaribiana. "Nilikuambia umesahau," akasema. "Nikaisema kama mtu mwenye hakika. Nisamehe, baba."

"Sufuria niliiunguza kweli, Bwana Futi. Hiyo usiifute."

"Siifuti."

Walizungumza juu ya sufuria hiyo bila kuzunguka, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko milimita zote. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema anachoweza na asichoweza: kupika anaweza, lakini akiacha kitu motoni na kwenda kulala kidogo, hasikii. Wakakubaliana ninunue jiko la umeme linalojizima lenyewe dakika zikiisha, na mke wangu awe anapita asubuhi akienda kazini. Mwezi wa sita wangeliangalia jambo hilo upya, mzee mwenyewe akiwepo, si kwa simu. Shemeji hakuahidi zaidi ya hapo, na mzee hakuomba zaidi. Sanduku likabaki mlangoni, hakuna aliyelifungua.

Kisha mzee akasogeza stuli mezani.

"Haya, fundi. Tia ukuta wa stoo, halafu toboa kushoto. Dirisha la kwanza hapa, mlango uje hapa. Kizingiti juu, karibu na goti, maji yasiingie."

Nilitaka kushika wembe, lakini shemeji alishanitangulia. Alipiga mistari miwili kwa penseli, myembamba mno hata nikaona wivu. Akakata taratibu, kiganja kimeegemea meza, mpaka kipande kikadondoka na mwanga wa barabarani ukaingia jikoni kwa ubavu. Mzee aliinamisha kichwa akachungulia. Alikuwa ndani.

"Rangi ya kuta ilikuwa gani, baba?" shemeji akauliza, brashi mkononi. "Kwa ndani."

Mzee akafikiri. Alifumba jicho moja, akafikiri tena.

"Hilo silikumbuki," akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Tia nyeupe. Jikoni pakiwa peupe unaona uchafu mapema."

Shemeji akafungua kopo la rangi nyeupe.