Vijiti vya Kwenye Friza

Dada aliniletea vijiti vya miche yake ya michungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza yangu ya kazi, mahali ambapo nimewakataza watu wote wasiweke kitu. Ni dada mkubwa, nikauacha hapo hapo. Miche ilikuwa inanyauka kuanzia nchani, na kama kuvu ilikuwa imeingia kwenye mirija ya kupitishia maji, kitalu kizima kingechomwa moto. Kitalu hicho ndicho kinachomlisha yeye na wanawe tangu shemeji atutoke.

Kazi yangu si kusema mmea unaumwa nini. Mimi naandaa. Nakata kipande kidogo, nakilowesha kwenye dawa ya kuzuia kuoza, nakipitisha kwenye spiriti nyepesi hadi kali mpaka maji yaishe, kisha nakizamisha kwenye nta. Nta ikishika, nakata utando mwembamba unaopitisha mwanga, naubandika kwenye kioo na kuutia rangi. Kila asubuhi dada alipiga simu kuuliza kama tayari. Nilimjibu kwamba hii si chai.

Mkuu wetu wa maabara, ambaye tunamwita Taratibu akiwa hayupo, aliinamia hadubini. Mimi nilishaangalia kabla yake: seli zote zilikuwa zimepasuka na kuchanguka, nikajua dada kwisha habari yake. Taratibu alisonya.

"Hivi viligandishwa," alisema. "Barafu imepasua kila kitu. Hapa hakuna cha kusoma, lete vingine."

Niliona haya, maana swali la kwanza la kumuuliza anayeleta mmea ni aliuhifadhi vipi, nami sikuuliza kwa kuwa ni ndugu. Dada alikubali bila wasiwasi: alikuwa ameviweka kwenye friza pamoja na samaki, visije vikaoza. Nilipomweleza kwamba barafu ndiyo iliyovipasua, alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hesabu yake, miche ilikuwa imepona. Nilimwambia bado hatujui lolote, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Jioni ile aliagiza mifuko mipya ya kupandia.

Nilikwenda kitaluni mwenyewe. Nilikata kwa wembe mpya, pale kijani kinapokutana na kahawia, nikavitia vipande kwenye dawa papo hapo. Sikuruka hatua hata moja. Nta ilikubali, na mashine ikatoa utepe mrefu usio na mkunjo. Kwenye hadubini mirija ilitokea myekundu, imejipanga vizuri. Ndani yake zilijaa nyuzi za kuvu.

Taratibu si mtu wa kusifia ovyo. Aliangalia, akaangalia tena, akasema sijawahi kumpa kioo kizuri kama kile na kwamba angependa kukitumia kufundishia. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwanza, ndipo nikamkumbuka dada.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani.

"Safari hii umevikata vizuri?"

"Vizuri sana, dada. Kila kitu kinaonekana."

Alinitazama usoni. Kisha akanishika mkono, vidole vyangu vikiwa bado vina rangi, akauliza moto utawashwa lini.