Mzee Bila Mkwaruzo

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, kikanyamaza, kikaanza tena. Mama Kidoti alijua bila kufumbua macho kwamba ni mumewe, na alijua kwamba sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Mwanamume anayekoroga chai alfajiri bila kuwasha taa ana neno la kusema, ila hana uso wa kulisemea.

"Sema tu, Baba Kidoti," alimwambia kutoka kitandani. "Utakuja kukitoboa hicho kikombe."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Aliweza kufungua mashine ya aina yoyote, isipokuwa kinywa chake mwenyewe mbele ya baba yake. Akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuzunguka mbuyu. Mkaguzi wa bima angekuja leo nyumbani kwa baba. Baba alikwisha kuongea naye kwa simu, wakaelewana vizuri sana. Jambo lenyewe ni dogo. Yeye, mkewe, akisema tu kwamba alishtuka, basi, yamekwisha, kila mtu anakwenda zake.

"Kushtuka si dhambi," alisema. "Kila mtu hushtuka."

Kidoti, binti yao wa miaka mitano, alikuwa amelala chali katikati ya kitanda, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake kama mtu aliyeweka alama ya mpaka. Mama aliushika ule mguu, ulikuwa na joto la mkate, na dharau iliyokuwa imempanda kooni akaimeza polepole asije akamwamsha mtoto.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alikuwa dereva wa gari la dobi, duka kubwa la dobi lililofua mashuka ya nyumba za wageni na zahanati. Hakuanzia kwenye usukani. Alianzia kwenye pasi, anasimama kutwa, mvuke unampiga usoni, jioni miguu imevimba hata viatu vinamkana. Akasoma masomo ya jioni, akasomea na udereva, akapata leseni. Mwenye dobi, mama mmoja mnene wa maneno machache ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri, akamkabidhi funguo za gari. Tangu siku hiyo akafanya kazi ameketi. Watu waliozaliwa wameketi hawawezi kujua utamu wake.

Baba mkwe alikuwa mtu wa aina hiyo. Ujana wake wote aliwaendesha wakubwa, na alipostaafu aliondoka na ukubwa wao, wao wakabaki na vyeo tu. Mtaani walimwita Mzee Bila Mkwaruzo, jina alilojipa mwenyewe kisha akalitangaza mpaka watu wakachoka kulikataa. "Maisha yangu yote," alipenda kusema, "sijagusa gari la mtu." Ilikuwa kweli. Hakuhitaji kugusa gari la mtu, kwa sababu dunia nzima ilimkwepa. Aliingia barabarani kama mtu anavyoingia chooni kwake, bila kubisha hodi. Nyuma yake wenye baiskeli walitua mitaroni, wenye mikokoteni walimwaga viazi, wenye magari walipandana kwenye kingo za barabara wakitajiana mama zao. Yeye aliangalia kioo cha pembeni, siku alizokumbuka kwamba kipo, akatikisa kichwa: watu wa siku hizi hawajui kuendesha. Na kampuni yake ya bima, ambayo haikupata kumlipia mtu hata senti, ilimpunguzia ada kila mwaka na kumpa kalenda.

Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa kichefuchefu cha gari. Ulikuwa ugonjwa wa ajabu. Ulimshika katika gari la mumewe tu. Kwenye basi alisinzia kama malaika.

Siku ya ajali babu ndiye aliyemchukua Kidoti shule ya awali. Mama yake alikuwa anarudi na shehena ya mashuka safi, mwendo wa kawaida, akili yake iko kwenye zahanati inayosubiri. Pale kituo cha mafuta pana ukuta mrefu wa waosha magari, na nyuma ya ukuta ndiko magari yanakotokea. Ghafla ikatokea pua ya gari jeupe. Haikusimama. Pua, kisha boneti, kisha kioo cha mbele, na nyuma ya kioo kichwa kidogo chenye misuko miwili, kiti cha mbele, bila mkanda, maana babu aliona mkanda ni tusi kwa dereva.

Alikanyaga breki. Gari likalia, likaendelea kwenda. Mbele yake mwanawe, ubavuni ukuta wa duka la dawa. Akazungusha usukani.

Alipofumbua macho mashuka yalikuwa yamelala barabarani kama watu. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Baba mkwe sasa alikuwa amesimama, na alikuwa ameshuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kutoa leso na kufuta vumbi kwenye boneti yake. La pili, alimwendea mkwewe mlangoni na kumuuliza, kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Mama Kidoti, ndiyo uendeshaji gani huo?"

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na kosa halikuwa la usukani. Ulimi wake ulikuwa umelelewa vizuri kuliko akili yake. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mkubwa akikasirika, mdogo huomba radhi kwanza, sababu zitafutwe baadaye. Damu inamtoka mdomoni, akasema, "Nisamehe, baba."

Mwenye duka la dawa alisikia. Waosha magari walisikia. Mzee alisikia kuliko wote, akatikisa kichwa kwa huruma, kama askofu.

Bima ya dobi ikauliza magari yaligusana wapi. Hayakugusana. Basi ikaonekana kwamba kulikuwa na gari moja na ukuta mmoja, na kwa watu wa bima ukuta haukosei. Anayekwepa hujibebea hasara mwenyewe, labda athibitishe kwamba alisukumwa na mwingine. Na huyo mwingine alikwishasema kwamba alikuwa amesimama kimya nyuma ya mstari, akisubiri kama muungwana, alipomwona mkwewe anapaparika. Mashahidi? Mashahidi wote walisema kitu kimoja: yule dada aliomba msamaha mwenyewe, hakulazimishwa.

Tajiri alimwita ofisini, akamwambia bila ukali. Bima wakisema kosa ni lake, hawatakubali tena jina lake kwenye gari lolote la dobi. Hapo ataacha funguo mezani na kurudi kwenye pasi. "Si mimi," alisema Tajiri, na huenda ilikuwa kweli.

Kwa hiyo mchana wa siku ile ya kijiko walikwenda wote watatu, baba, mama na Kidoti, nyumbani kwa mzee. Sebule yake ilijaa picha ukutani, na katika picha zote alikuwamo yeye, mkono mmoja juu ya boneti ya gari la mtu mwingine. Watoto aliowazaa walipata fremu moja, wote pamoja, karibu na mlango wa jikoni.

Mkaguzi wa bima ya dobi alikuwa kijana mwenye tai mpya na viatu vikuukuu. Alikwishapewa kiti cha karibu na feni na sahani ya karanga, na kila baada ya karanga mbili alisema "mzee wangu." Mama Kidoti alimtazama akitafuna, akafikiri kwamba kama haki inaweza kununuliwa kwa karanga, basi haki ni ya bei rahisi kuliko sabuni.

Mzee akasimulia. Alisimulia kwa mikono miwili, na kila aliporudia alitia chumvi. Kwanza alikuwa amesimama. Kisha alikuwa amesimama kwa muda mrefu. Mwishowe ilikaribia kuwa alikuwa amezima injini na anasoma gazeti. Alisema hamlaumu mkwewe. Wanawake wana moyo mwepesi, wanashtuka na vivuli. Angempa mafunzo yeye mwenyewe, bure. "Na mwenyewe aliniomba radhi mbele za watu," alimaliza. "Mimi nikamsamehe pale pale."

Mkaguzi akamgeukia Mama Kidoti. Akauliza kama ni kweli aliomba radhi.

Mumewe akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kumkumbusha kijiko cha alfajiri. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya mapaja, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu, na alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Kweli," alisema Mama Kidoti.

Kalamu ikaandika. Mumewe akashusha pumzi, mzee akaegemea nyuma. Basi yangeishia hapo, akarudi kwenye mvuke, na kila sikukuu angekaa katika sebule hii akisikiliza jinsi alivyosamehewa.

"Umeshaandika?" aliuliza. "Sasa andika na hili. Niliomba radhi kwa sababu huyu ni baba mkwe wangu. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana."

Feni ikazunguka. Mumewe akaita, "Mama Kidoti," kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeona sahani inaanguka na hataki kuidaka.

Hakumtazama. Alimwambia mkaguzi kwamba alifunga breki na hazikutosha, kwamba mbele yake palikuwa na mwanawe na pembeni palikuwa na ukuta, akachagua ukuta, na kesho angechagua ukuta tena. Alisema hakuna mama anayegonga duka la dawa kwa sababu ya gari lililosimama. Alisema yote bila kupandisha sauti. Adabu ilikuwa ile ile, ila safari hii aliiacha ikae kwenye sauti, haikuingia kwenye maneno.

Mzee hakuwa amezoea kujibiwa na kitu chochote kisichokuwa honi. "Mimi nilikuwa nimesimama," alisema, uso umemvimba. "Na uliniona vizuri kabisa. Hata mtoto alikupungia mkono, wewe ukamwangalia yeye badala ya kuangalia barabara. Hilo mbona husemi?"

Mkaguzi aliacha kutafuna.

"Alimpungia akiwa wapi, mzee wangu?"

"Kiti cha mbele. Kwenye kioo, pale pale, wakaangaliana."

"Mimi nilipita pale jana," alisema mkaguzi polepole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asichotaka kukipata. "Ule ukuta wa waosha magari umenizidi urefu. Gari likisimama nyuma ya mstari, wa barabarani haoni kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pua ilikuwa nje."

"Pua kidogo," alisema mzee.

"Pua na kioo cha mbele, mzee wangu."

Mzee aliangalia picha zake moja baada ya nyingine, lakini wale wakubwa wote walikuwa ndani ya magari, na vioo vilikuwa vimefungwa. Kutoka mlango wa jikoni mama mkwe aliuliza kama kuna mtu anataka maji, kwa sauti ya mtu anayejizuia kuimba.

Mkaguzi alikusanya karatasi zake. Alisema hawezi kuahidi kitu, waamuzi wako ofisini. Lakini kwa aliyoyasikia hapa hawezi kuandika tena kwamba palikuwa na gari moja na ukuta. Ataandika magari mawili. Na lile neno la radhi ataliandika kama lilivyo, heshima ya mkwe kwa mkwe. Alimwambia Mama Kidoti amweleze tajiri wake asimpe mtu mwingine funguo kwa sasa. Kisha akaangalia sahani ya karanga, akaona aibu, akaisukuma kidogo.

Haikuwa ushindi. Lakini alihisi kitu kinafunguka kifuani, kama dirisha la chumba cha pasi linapofunguliwa.

Mzee alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kwamba watu waliosoma usiku huona mambo kwa kiza, na hakuna aliyecheka, ingawa mumewe alijaribu. Kisha akachukua funguo zake ukutani. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. "Twendeni niwapeleke," alisema. Haukuwa ukarimu. Ilikuwa amri: atakayepanda atakuwa amekubali kwamba mzee anajua kuendesha.

Mumewe alipanda. Hakupanda mbele, alikwenda kiti cha nyuma, na yeye aliyekuwa akisema siku zote kwamba baba ni dereva wa kupigiwa mfano akauvuta mkanda, akaufunga, akaujaribu mara mbili kama umeshika.

Mama Kidoti alivuta kanga juu ya kichwa na kumshukuru mzee. Alisema yeye atatembea, si mbali. Hakumwita Kidoti. Hakutaka kumtia mtoto katikati ya wakubwa wanaogombana, maana huko nako ni barabarani. Akafungua geti, akasimama akimngoja mtoto.

Mzee alimfungulia mjukuu wake mlango wa mbele. Alimwita kwa sauti tamu, akakipigapiga kile kiti, akamwambia kwamba malkia hukaa mbele na babu, halowani.

Kidoti alisimama kwenye ngazi. Alikitazama kiti, akamtazama babu yake, akamtazama baba yake aliyejifunga nyuma kama mzigo. Halafu akashuka ngazi moja moja, akapita kando ya gari bila kuligusa, akaingiza mkono wake mdogo katika mkono wa mama yake.

"Mimi nitatembea na mama," alisema.