Gogo Lililojisugua

Shangazi ananiita Kiguu na Njia, na hajanionea. Tangu nimalize shule nimeuza vocha wiki mbili, nimeosha magari siku tatu, nimelala mwezi mzima. Mwisho akaniambia, "Njoo karakana, ukae karibu na kitu kinachozunguka kuliko wewe."

Yeye ni mkerezaji: anachonga mbao zikizunguka kwenye mashine. Anachokipenda ni mabakuli ya pete: anaunga vipande vya mbao kwa gundi viwe pete, anapanga pete juu ya pete, ndipo anakereza. Sasa, pete ikiwa na bonde hata la unene wa ukucha, gundi haishiki, bakuli linapasuka mashine ikiwa kasi. Kwa hiyo kila pete alikuwa anaisugua kwa msasa, kwa mkono. Mpaka mkono ukagoma. Kifundo kilivimba, daktari akamkataza kusugua. Akabaki na mipini ya majembe, akasema mwisho wa mwezi mbao zake za rangi, zile za kuundia pete, atazigawa.

Mimi roho ikaniuma. Nyumba nzima yeye peke yake ndiye hakuwahi kuniita mzigo.

"Tutengeneze mashine ya kusugua," nikamwambia.

"Wewe? Hata kitanda hutandiki."

Lakini akacheka, basi nikaanza. Fundi umeme jirani akatupa mota ya mashine mbovu ya kufulia. "Ikiwarukia msinitaje," akasema. Nikakata visahani vya plaiwudi, nikavigundisha kwenye fimbo ya chuma mpaka vikawa gogo, nene kama kopo la rangi. Nikalikereza siku tatu kwenye mashine ya Shangazi, mwenyewe nyuma yangu akifanya kazi kwa mdomo tu. Likawa duara safi. Nikalihamishia kwenye fremu, na beringi zake, na mkanda wa mota. Chini nikaweka meza ya kupitishia pete, yenye bawaba na bolti ya kuinulia. Nikalizungushia msasa kama bandeji.

Nikawasha. Tak, tak, tak. Gogo linaruka, pete ikatoka na mawimbi.

"Hongereni," fundi umeme akasema mlangoni. "Mmepata kiwanda cha mabati."

Nikashika spana. "Naling'oa, nilikereze upya."

"Tulia, baba," Shangazi akasema. "Kwenye mashine yangu lilikuwa duara. Hapo kwenye beringi zake ni geni, halizunguki sawa, na ukiling'oa litarudi hivyohivyo geni. Bandua msasa, ugundishe kwenye ubao, upitishe chini yake. Lijisugue hapohapo."

Kumbe. Nikabana bolti robo mzunguko, nikapitisha ubao, nikabana robo tena. Vumbi mpaka kwenye kope. Alasiri ile tak ikaisha, ukabaki mvumo tu.

Nikarudisha msasa kwenye gogo, nikapitisha pete mbili, nikizisukuma kinyume na mzunguko. Shangazi akazibana pamoja, akazielekeza dirishani. Na mimi nikachungulia. Kati ya pete hizo haukupita hata uzi wa mwanga.

Akaziweka mezani, moja juu ya nyingine.

"Asante, mwanangu," akasema, taratibu.

Asante ilikuwa yangu kutoa, tangu siku aliyonifungulia mlango wa karakana. Nikamwambia hivyohivyo, vumbi mdomoni.

"Haya, lete nyingine," akasema.

Nikapitisha pete kumi na moja. Yeye alikaa kwenye kigoda, mkono mbovu mapajani, kwa ule mzima akizipanga: nyeusi, nyekundu, nyeupe, halafu anabadilisha mawazo, anaanza tena.