Chaga za Kitanda cha Mardhiya

Jembe la Batuli liligonga kitu kisicho udongo. Halikuzama wala halikulia. Lilidunda tu, likamrudishia mtikisiko mpaka begani. Akapangusa tope kwa mguu, ikatokeza kona ya salfeti. Akachimbua pembeni. Salfeti jingine. Chini yake jingine tena, yote yamejazwa mchanga, yamepangwa kwa uangalifu na kufunikwa kifusi kilichoshindiliwa kikawa kigumu kama sakafu.

"Dija," aliita bila kuinua kichwa, "njoo uone. Mtaro wetu umezikwa."

Dija alikuja akiburuza beleshi. Alikuwa mdogo kwa Batuli kwa miaka kumi, lakini kwa maneno alimzidi mbali. Aliyatazama masalfeti, kisha akayatazama makuti mabichi yaliyosimikwa kulia na kushoto na kuunganishwa juu kwa kitambaa cheupe.

"Haujazikwa, umeolewa," alisema. "Leo si harusi ya Mardhiya? Shemeji yako kawatengenezea wakwe njia ya magari."

Batuli alinyoosha mgongo. Juzi tu alipita hapa, mtaro ukiwa wazi. Upande wa Msata mawingu yalikuwa yamekaa chini, meusi kama matako ya sufuria.

Barabara ya Mikwajuni ni ya udongo, kilomita sita kutoka lami iendayo Bagamoyo. Batuli na wanawake wenzake sita walipewa kazi ya kuitunza: kufyeka majani, kuzoa tope, kuzibua makalavati. Watoto walimwita Mama Mtaro, na wakubwa wakaliazima jina hilo bila kulirudisha. Hakujali. Alijua jambo ambalo wapitao juu ya barabara hawalijui: barabara haiuawi na magurudumu, huuawa na maji. Ukiyapa maji njia yao, yatakuachia yako.

Na leo lori lilikuwa linakuja.

Mananasi ya kaya arobaini yalikuwa yamerundikwa kwenye uwanja wa ghala, mbele kidogo ya nyumba ya Shuaibu, yameiva kwa pamoja, manjano mpaka shingoni. Nanasi likifika rangi hiyo halimsubiri mtu. Mwaka jana lori la Leodgar lilizama kwenye Tope Jekundu, bondeni, hatua mia moja tu kabla ya nyumba hiyo, likalala siku mbili na kuondoka tupu. Mananasi yakachacha pale pale uwanjani. Wiki nzima nyuki walikitawala kitongoji. Watu walikula milango imefungwa, na harufu ya chachu ikaingia hata msikitini. Mabati ambayo Batuli alikuwa ameyachagua yalibaki dukani, na nyumba yake ikabaki na makuti kwa mwaka mwingine.

Dija alipiga simu miezi miwili kumbembeleza Leodgar arudi. Sasa dereva huyo alikuwa Msata, anakunywa chai, akisubiri. Alikuwa ameweka sharti moja: atumiwe picha ya barabara kabla ya saa sita mchana. Ikipitika, atakata kona kuelekea Bagamoyo, aje. Isipopitika, atanyoosha Chalinze mpaka Vigwaza, ambako wakulima wamepanga matunda yao kando ya lami.

"Na nikinyoosha safari hii, mama zangu," alisema kwenye simu, "namba yangu mwifute."

Batuli alivua gambuti, akanawa mikono, akaingia uani kwa Shuaibu. Shuaibu, kaka wa marehemu mume wake, alikuwa akisimamia sufuria tatu za pilau, kanzu yake mpya ikitoa harufu ya udi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja na tope lako mpaka harusini?"

"Nimeliacha nje. Shemeji, mtaro umezibwa."

"Nimeuziba mimi. Ulitaka gari la bwana harusi liruke kama chura?"

"Mvua inakuja. Maji yakikuta masalfeti yatapanda barabarani, yateremke mpaka Tope Jekundu. Lori halitapita. Na hao wakwe hawatapita pia. Hiyo njia uliyowatengenezea wataiona kwa mbali."

Shuaibu aliangalia juu kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. "Mvua ya Msata hainyeshi Mikwajuni. Halafu unataka shimo mlangoni kwangu siku ninayomtoa mwanangu? Shimo mlangoni ni la maiti, shemeji. Watu watasemaje?"

"Nitalifunika mwenyewe…"

"Kesho chimba upendavyo. Leo niache nioze."

Hakuwa mtu mbaya. Tangu Batuli afiwe, kila mavuno Shuaibu alimletea kapu la mahindi, akaliweka mlangoni na kuondoka kabla hajashukuriwa. Katika miaka sita ya ujane wake Batuli hakuwahi kumpinga kwa neno moja. Ndiyo maana alitoka kimya, akavaa gambuti zake, akasimama kando ya masalfeti akiwa ameshika jembe asiloweza kuliinua.

Mvua ya Msata ilivuka. Saa nne na nusu ilianza kwa matone makubwa yaliyochimba vumbi, kisha ikamwagika yote kwa mkupuo. Wageni walikimbilia barazani. Wapishi walivuta mabati juu ya meko. Batuli alibaki pale pale.

Maji yalikuja na mtaro kutoka juu, rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma povu na majani makavu. Yalipofika kwenye masalfeti yalisita. Yakanenepa. Yakapanda taratibu, bila ghadhabu, kama mgeni anayejua atakaa. Kisha yakamwagika juu ya barabara na kuanza kuteremka kuelekea Tope Jekundu.

Kule bondeni, kiangazi kizima, wanawake saba walikuwa wamelijaza tope lile changarawe, karai kwa karai kichwani. Changarawe ile ingestahimili mvua. Lakini mto juu yake isingeustahimili, na mto ulikuwa umeshazaliwa.

Batuli aligeuka kuelekea barazani, kanga yake imemganda mwilini.

"Shemeji," alisema, si kwa sauti kubwa, "utanisamehe au hutanisamehe, hilo ni lako. Mimi nachimba."

Akaliinua jembe, akalishusha. Kifusi kikapasuka. Dija naye akachomeka beleshi.

Shuaibu aliteremka ngazi mvua ikimpiga, mkono mmoja umeshika kofia. "Batuli." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu awe mke wa mdogo wake. "Batuli, acha."

"Baba, mwache mama mdogo achimbe."

Sauti ilitoka kwenye dirisha la chumba cha ndani. Mwali haonekani siku yake, na Mardhiya hakuonekana. Pazia tu lilitikisika, na vidole vyenye hina vilivyolishika.

"Wewe umo ndani, nyamaza," alisema Shuaibu.

"Nitanyamaza, baba. Ila Salumu hakudondoka kutoka mawinguni. Alikuja na barabara hii, na bajaji, kununua mananasi. Isingekuwepo barabara ungenioza kwa nani leo?"

Barazani kukawa na kicheko kilichozuiwa kwa ncha za mitandio. Shuaibu alitazama dirisha, akatazama maji, akatazama makuti yake ya kukaribisha wageni yakianza kuegama.

"Na hao wageni watavuka na nini?" aliuliza, na sasa lilikuwa swali la kweli.

Pazia lilitulia kidogo.

"Chukueni chaga za kitanda changu."

Kitanda kile cha mninga kilikuwa sebuleni, bado kimefunguliwa vipande, kikisubiri usafiri wa kwenda kwa bwana harusi. Aliyejibu alikuwa Bi Mwanahija, somo aliyemfunda Mardhiya, mwanamke mfupi mwenye kipini puani na ulimi usioogopa mkwe.

"Haya, jamaa, mmemsikia mwali wangu," alisema. "Kasema kitanda kianze kazi mapema."

Baraza zima liliangua kicheko. Shuaibu alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni hasira au nini mpaka alipoishusha. Alikuwa anacheka. Alikunja kanzu mpya akaifunga kiunoni, akaingia mtaroni, akakumbatia salfeti la kwanza kama mtu anayemtoa ng'ombe kisimani.

Basi wakachimba. Wapishi walikuja na miko na beseni, wageni na mikono mitupu. Salfeti la saba lilipong'oka, maji yalinyong'onyea juu ya barabara, yakageuka, yakaingia mtaroni kwa mguno mmoja mrefu na kukimbilia kalavati. Batuli aliyatazama yanavyokwenda. Alipangusa uso tu, kwa mkono uliokuwa na tope zaidi ya uso wenyewe.

Chaga ziliwekwa mbilimbili kukatiza mtaro, zikafungwa kwa kamba ya katani.

Saa tano na robo mvua ilikatika na jua likatoka. Batuli alishuka mpaka Tope Jekundu na kukanyaga changarawe kwa kisigino, hatua kwa hatua. Haikubonyea. Dija alipiga picha tatu, akazituma. Simu iliita kabla hajaishusha.

"Picha nzuri," alisema Leodgar. Nyuma yake mabasi yalikuwa yanapiga honi. "Za lini?"

"Za sasa hivi."

"Mwaka jana pia niliambiwa sasa hivi, kumbe za kiangazi. Nilizilipia kwa siku mbili za kulala ndani ya tope. Dada yangu, nionyeshe kitu ambacho jana hakikuwepo. La sivyo naelekea Chalinze."

Dija alimtazama Batuli. Batuli aliikagua barabara kwa macho. Kuna kitu gani kwenye barabara ya udongo kinachojua tarehe? Mawe ni yale yale, majani ni yale yale. Kisha akageuka nyuma, juu mlimani, na kidole chake kikanyooka chenyewe.

Dija alikimbia. Alirekodi maji yakikimbia chini ya mbao za mninga zinazong'aa vanishi, na juu yake Bi Mwanahija, sinia la pilau kichwani, akivuka kwa madaha kana kwamba daraja lile lilijengwa kwa ajili ya nyonga zake. Katikati alisimama, akaiambia simu, "Dereva, pilau linapoa."

Dija akaituma, wakangoja. Dakika moja. Mbili. Simu ikaita.

"Hizo mbao ni nini?"

"Chaga za kitanda cha bi harusi," alisema Dija.

Leodgar alicheka mpaka akakohoa, akasikika akimwambia mtu wa pembeni amwekee chupa ya chai. "Nimezunguka nchi hii miaka kumi na saba. Kitanda mtaroni sijapata kuona. Huo si uongo mtu anaoweza kuutunga. Nawasha gari."

Saa saba na nusu lori lilitokeza, la buluu, refu, likiyumba kwa tahadhari. Kwenye Tope Jekundu lilisimama. Leodgar aliteremka, akachuchumaa, akaiponda changarawe kwa ngumi, akaufuata mtaro kwa macho mpaka juu.

"Fundi wa kazi hii ni nani?"

Watu walimtazama Batuli. Leodgar alivua kofia. "Shikamoo, mama. Nitangulie, mimi nakufuata wewe."

Batuli akatangulia, akitembea kinyumenyume katikati ya barabara, mikono miwili mbele: njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo. Magurudumu yalikanyaga changarawe ikalia kama mahindi yanayokaangwa. Moja baada ya jingine yalivuka. Lori lilipopandisha mgongo na kufika usawa wa makuti ya harusi, Leodgar alipiga honi ndefu, na vigelegele vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya bwana harusi vikamtoka kila mwanamke, vyote, kwa ajili ya lori.

Magari ya kina Salumu yalikuwa nyuma yake. Wageni wa Bagamoyo walivuka chaga wameinua mabuibui, wakiuliza, wakielezwa, wakicheka. Na kule uwanjani mananasi yalianza safari, mkono hata mkono, kutoka rundo hadi lori. Nanasi likikaa shambani ni tunda tu. Likishapanda gari likafika Dar, huko ndiko linakogeuka bati, daftari, miwani ya bibi. Batuli alishika kila moja lililompitia kama anayeagana nalo.

Kwa kuwa Leodgar angepita Bagamoyo, kitanda cha Mardhiya kilipakiwa juu ya mananasi, kikafunikwa turubai.

"Chaga zitafuata," Bi Mwanahija alimtangazia bwana harusi. "Usiku wa leo, mwanangu, utavumilia sakafu."

Leodgar alimpa Batuli mkono kupitia dirisha la lori. "Alhamisi narudi. Picha sihitaji."

Lori liliposhuka bondeni, Shuaibu alikuja kusimama karibu na Batuli. Kanzu yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini.

"Kesho," alisema, akitazama mbele, "nionyeshe kalavati la mlangoni linawekwaje. Kubeba nitabeba mimi." Akasita. "Mama Mtaro."

"Haya, shemeji."

Shuaibu aliingia ndani kumwozesha binti yake. Msichana mmoja wa upande wa Salumu alivuka chaga mbio, na kikuba cha asumini kikamchomoka nyweleni, kikaangukia mtaroni. Batuli alikiona. Kilizunguka mara moja, cheupe, kikashika mkondo. Naye akakifuata, jembe begani, polepole, mpaka kilipoingia kwenye mdomo wa kalavati na kupotea gizani.

Akavuka barabara. Akachuchumaa upande wa pili, kule maji yanakotokea, akakisubiri.