Kesi ya Mathurin, Msaga Ngano

Asubuhi ya kesi, Anselme mfumaji alikunywa supu yake ya kabichi, akavaa koti la kanisani, akaenda ghalani kumchukua mshtakiwa. Mathurin, msaga ngano, alikuwa amelala humo wiki tatu, amepakwa chumvi asioze kabla ya hukumu. Alikutwa ananing'inia kitanzini ndani ya kinu chake cha kusagia ngano. Sheria ya mfalme ilisema aliyejiua ashtakiwe, na akipatikana na hatia, mali yake iende kwa bwana mwenye ardhi. Na kwa kuwa maiti hasemi, huteuliwa mtu wa kumsemea. Anselme aliteuliwa kwa sababu alijua kusoma.

Mjane, Perrine, alisimama mlangoni pa mahakama, ufunguo wa kinu kiunoni.

"Shemeji, wakikichukua kinu nitalala wapi?"

Anselme akamwambia asiwe na wasiwasi.

Hakimu aliwekwa na bwana huyo huyo, na kesi ya nyani ukimpelekea ngedere unajua mwisho wake. Akauliza kama mshtakiwa alijiua. Anselme hajafungua kinywa, Mathurin akawahi.

"Sikujiua. Kaninyonga Gervais, yule pale."

Gervais, msimamizi wa mali ya bwana, aliendelea kusafisha kucha. Karani akachovya kalamu, akaomba jina lirudiwe taratibu.

"Msemaji ni nani hapa, wewe au yeye?" hakimu akamuuliza Anselme.

"Mimi, mheshimiwa."

"Basi mnyamazishe."

Anselme akayarudia maneno yale yale. Hakimu akauliza: je, aliyaona mauaji hayo kwa macho yake? Hapana. Aliyeyaona nani? Mathurin. Lakini Mathurin ni mshtakiwa, hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe. Tena ni maiti, na maiti hasemi. Kila neno peke yake lilikuwa sawa. Yalipokaa pamoja, Anselme hakujua ashike lipi, aache lipi.

Hatia.

Wakamfunga Mathurin kifudifudi kwenye fremu ya miti, farasi akamburura. Njia ilipita kinuni. Perrine alikuwa nje na kitanda chake na sufuria. Ufunguo alikuwa nao Gervais, aliyekuwa ndani, na mawe yalishaanza kusaga. Mathurin akainua kidevu, akasikiliza.

"Jiwe la juu limeshuka mno. Utaunguza unga, wewe. Linyanyue."

Gervais akalinyanyua. Kinu kikasaga kwa utulivu.

"Ahsante, Mathurin," akasema dirishani.

"Anselme," akaita Mathurin, uso mavumbini, "sasa mke wangu atalala wapi?"

Anselme, aliyekuwa bado msemaji wake kisheria, akaendelea kufuata farasi.