Mkono Langu Halitaki

Bibi Koma alikuwa hajamaliza chai yake ya asubuhi alipoliona kosa, na kosa kwake lilikuwa nzi kwenye kikombe: lazima litolewe kwanza, mengine baadaye.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji wa gazeti, mtu wa mwisho kulisoma kabla halijakwenda mtamboni. Gazeti lilishamstaafisha, ila kalamu nyekundu ilikataa kustaafu. Ilihamia kwenye simu, katika kundi la wastaafu kumi na mmoja wa gazeti hilo, walilolianzisha ili wasipotezane. Walilipa jina la Dawati. Humo walijuliana hali, walipeana pole za misiba, na zaidi ya yote walisahihishana. Anayekosea anaandikiwa sentensi yake upya, wenzake wanamcheka mpaka akome.

Saa mbili na dakika kumi na nne, Nyongeza aliandika: "Mkono langu halitaki leo."

Nyongeza ndiye aliyekuwa mwandishi wa michezo. Jina hilo alilipata kwa kuleta habari zake dakika za nyongeza, mtambo umeshawashwa na watu wanatukana. Naye ndiye aliyembandika mwenzake jina la Bibi Koma. Walipendana sana, kwa namna ya watu wa kazi moja wasiojua kupendana bila kuchokozana. Mkewe alikuwa ameshafariki, na sasa aliishi peke yake, mitaa miwili tu kutoka kwa Bibi Koma.

"Mkono WANGU HAUTAKI," Bibi Koma aliandika papo hapo, akaongeza emoji tatu za kucheka. Kisha akaenda kuosha vyombo, roho yake kwatu.

Kundi likaamka. Mhariri wao wa zamani akaandika: "Huyu arudishwe darasa la pili." Mpigapicha akauliza kama kustaafu kunaozesha ngeli. Nyongeza akaandika tena: "Kikombe umeanguka mwenyewe." Wakavunjika mbavu. Wanne walisahihisha kwa mpigo, wakaanza kubishana nani katangulia.

Saa mbili na dakika arobaini na tisa Bibi Koma alirudi mezani akikausha mikono, akachungulia simu akitabasamu. Ujumbe wa mwisho wa Nyongeza ulikuwa: "njo njon nj". Chini yake Mhariri alikuwa amejibu: "Andika vizuri, bwana, tukuelewe."

Tabasamu likamkauka. Akapandisha ujumbe mpaka wa kwanza, akasoma upya, polepole. Alikuwa amesoma kazi za mtu huyu neno kwa neno kwa miaka yote ile. Aliyajua makosa yake vizuri kuliko alivyozijua siku za kuzaliwa za wanawe. Nyongeza alimwaga koma ovyo, alitia chumvi kwenye idadi ya mashabiki, aliharibu majina ya makipa wa kigeni. Ngeli hakuikosea hata siku moja. Hata wiki aliyomzika mkewe, alipowaandikia shukrani, kila ngeli ilikaa mahali pake.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Mtu anatuambia mkono haufanyi kazi, sisi tunamfundisha sarufi!"

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa yaleyale. Kwenye Dawati akaandika: "Nyamazeni. Nyongeza anaumwa. Mpigieni binti yake." Akatoka mbio na ndala za ndani, magoti yakilia.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaugonga kwa ngumi. Fundi cherehani wa jirani akatoka, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Si yumo, mama? Mbona redio naisikia?"

"Yumo, lakini hajiwezi. Vunja."

"Nivunje mlango wa mzee? Si atanila nyama!"

"Vunja, mwanangu! Lawama zote niachie mimi!"

Fundi akarudi nyuma, akaupiga kwa bega. Mara ya tatu kitasa kikaachia.

Nyongeza alikuwa sakafuni kati ya kiti na meza, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala chini yake. Macho yake yalimtambua. Alijaribu kusema, ikatoka sauti tu.

"Usiseme," Bibi Koma alimwambia, akipiga magoti kwenye chai iliyomwagika. "Nimekuja."

Hospitalini, daktari hakusalimia. "Ni kiharusi. Kilianza saa ngapi? Nataka saa kamili. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila bila kujua saa siwezi kumpa."

"Saa mbili na dakika kumi na nne."

"Una hakika gani, mama?"

Bibi Koma akamgeuzia simu. Daktari akausoma mstari wa Nyongeza, kisha wa chini yake, na emoji zake tatu. Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tatu na dakika hamsini, akaagiza picha ya kichwa na kuondoka kwa haraka.

Binti wa Nyongeza alifika akihema, akaketi naye kwenye benchi. Walikaa hapo zaidi ya saa nzima, mpaka daktari aliporudi.

"Dawa tumempa. Ataishi. Maneno tunatarajia yatarudi kidogo kidogo. Mkono siwezi kuahidi."

Binti akamkumbatia Bibi Koma, akalia kwa kwikwi. "Ni wewe, shangazi. Mhariri ameniambia wenzako wote walikuwa wanacheka, wewe ndiye uliyegundua. Nitakulipa nini?"

Shukrani hizo zilimchoma. Akamuuliza daktari, ingawa alitamani asijibiwe: "Tungefika nusu saa mapema, mkono ungepona?"

"Uwezekano ungekuwa mkubwa zaidi, mama. Kila dakika ina kazi yake."

"Usijilaumu, shangazi," binti alisema. "Ungejuaje?"

Angeweza kunyamaza. Daktari alikuwa ameshageuka kwenda zake, na binti hakuwa mtu wa Dawati. Nani angemuuliza?

"Aliniambia," Bibi Koma alisema. "Saa mbili na dakika kumi na nne. Nikamsahihisha."

"Ukamsahihisha nini?"

Akafungua kundi, akapandisha ujumbe mpaka ule wa kwanza, akamwekea simu mkononi. Kisha akakaa wima kwenye benchi, akamngoja asome.